Siku Niliyokwambia Nimefunika

Baba,

Mama angali edani, na wageni wa matanga wameacha kuja. Nyumba imenyamaza, na mimi nina jambo nililokuficha ukiwa hai.

Ni ile siku ya kule Shela, tulipopima bunduki yako ya upepo kabla ya kuwapiga kunguru wa hoteli. Wewe ulifyatua, mimi nilisoma mashine ya mwendo wa risasi. Ulinifundisha tangu niko darasa la saba: mawingu yakitanda, mashine iachwe wazi; jua likiwaka, ifunikwe juu kwa kitambaa cheupe ili mwanga uingie sawasawa; chini ya taa ya tyubu, tusipime kabisa. "Mashine haioni risasi, mwanangu," ulisema, "yaona kivuli chake."

Jua lilikuwa kali siku ile, mchanga unaumiza macho. Nilipokikunjua kitambaa, mafundi waliokuwa wakijenga ukuta wakacheka: "Bi harusi, wamtandikia nani kitanda?" Niliona haya. Nikakirudisha mkobani. Ulikuwa umelala kifudifudi nyuma ya bunduki, hukuona.

Namba zikatoka ndogo, tena hazifanani. Ukauliza, "Umefunika?"

Nikasema ndiyo.

Ukaamini bunduki imelegea, ukaikaza springi. Alasiri risasi ikapita ndani ya kunguru, ikaenda kumtoboa jicho punda wa Bwana Shee.

Hoteli ikasema huoni vizuri tena, ikakuachisha kazi. "Mato yangu yamekwisha," ukawa wasema kila siku, na bunduki hukuigusa tena. Kisha ukapooza. Nilikulisha uji kwa kijiko miezi miwili, Baba, na sikusema. Ukafa ukiyalaumu macho yako.

Juzi, kabla Ami Athumani hajaipeleka bunduki polisi, nilimwomba aipime adhuhuri. Bila kitambaa, mara tano, namba tano mbalimbali. Kwa kitambaa, zote karibu sawa, na zote kubwa kuliko ulivyotaka. Haikuwa imelegea; kuikaza ndiko kulikoipitiliza risasi. Ulimlenga kunguru, ukampata kunguru.

Nikamweleza yote. Ami akakaa chini. "Basi, usimwambie mtu," akasema. "Yatamrudisha?"

Nilikwenda kwa Bwana Shee hata hivyo. Aliponisikiliza akasema, "Babako alikuja hapa, akamshika punda kichwa, akalia kama mtoto. Wewe ulikuwa wapi?"

Nilikuwa nyumbani. Nilikuwa najua.

Hakunisamehe. Alisema tu atawaambia wenzake msikitini kuwa macho yako yalikuwa mazima.

Amebaki Mama. Nakuahidi nitamwambia leo, kwa mdomo wangu, kabla hajasikia kwa watu, hata kama hatataka kuniona tena. Radhi yako siiombi kwa karatasi hii, maana huwezi kuninyima.

Mola alitie nuru kaburi lako. Kwaheri, Baba. Mama amemaliza kusali, namsikia anakunja msala. Naingia.

Mwanao,
Zuhura