Zawadi Ameingia Gredi ya Tano

Dada Neema,

Mtoto wako ameingia Gredi ya Tano. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ungeziruka salamu zote ulitafute. Ya Tano, dada, si ya Kwanza! Mgongo unaniuma, wiki nzima nimevuta magunia ya mawe kutoka shimoni, lakini leo Jumapili nimekataa kujinyoosha kabla sijakuandikia.

Tuko Migori, Kenya, nchi ambayo hukuiona. Mwanzoni nilibeba mchanga wa ujenzi kule Homa Bay, kisha nikasikia huku kuna migodi ya dhahabu, na kazi hiyo naijua tangu nyumbani. Wananiita Mkongo. Kiswahili changu kinawachekesha, na chao kinanichekesha mimi.

Zawadi ana miaka kumi na mmoja sasa. Shule mbili zilimkataa kwa sababu hana karatasi hata moja. Ningeitoa wapi? Wanajeshi wa kigeni walipoingia mjini kwetu walilala ndani ya shule yako, wakapikia madawati na rejista. Katika shule ya tatu mwalimu mkuu, mama wa hapa, alisema kwa upole, "Bila ripoti ataanza Gredi ya Kwanza, na wale wadogo." Tulipotoka nje Zawadi akaniambia, "Mjomba, afadhali nikaoshe mawe mgodini na wewe."

Niliogopa, dada. Kule wako wasichana wa umri wake, mikono ndani ya tope lenye zebaki kuanzia asubuhi. Na unamjua mwanao, akisema amesema.

Nikarudi ofisini na buti zangu chafu. "Madam, mpe mtihani. Akishindwa tutanyamaza."

Akampa karatasi ya Gredi ya Nne, hesabu na Kiswahili. Mimi nilisimama nje nikichungulia. Zawadi aliandika haraka, akasoma tena, akatikisa kichwa kukubali. Halafu akaichana ile karatasi vipande vidogo vidogo, akavitupa dirishani kwa mbuzi wa jirani aliyekuwa akila nyasi. Mbuzi hakuuliza. Alitafuna mtihani wote.

"Yawa!" Madam alipiga kelele. "Msichana, karatasi ya mtihani?"

Mimi nilicheka, kisha nikalia palepale. Ilibidi nimweleze. Nilimwambia kwamba waliotuvamia walitoa amri, mtoto akikutwa na daftari mzazi wake achapwe. Kwamba wewe ulikusanya watoto tisa ndani ya banda letu la mbuzi. Kwamba waliandika kwa mwiba juu ya jani la mgomba, ukasahihisha, kisha jani likaliwa. "Ukimaliza, lisha," ulikuwa unawaambia. "Askari hawezi kusoma tumbo la mbuzi." Na mimi nilikaa njiani nikijifanya nachonga mpini, nipige mluzi wakitokea. Walipekua nyumba yetu mara tatu. Hawakupata hata herufi moja.

Madam alikaa chini. "Sasa nitasahihisha nini?"

"Nitakusomea," Zawadi akasema.

Akasimama wima, mikono nyuma, vile ulivyowazoesha. Akataja swali la kwanza, njia yake na jibu. La pili. La tatu. Ulikuwa unawalazimisha kubaki na kila kilichokuwa kwenye jani kichwani mwao, na wakati ule niliona unawatesa bure. Nisamehe. Madam alifuata kwa kalamu kwenye nakala yake ya maswali. Zawadi alikosa mawili tu.

"Nyathini ni moto," Madam akasema. Nyathini ni mtoto huyu, kwa Kijaluo. "Nani alimfundisha?"

"Mama yake," nikasema. Ile homa iliyokuchukua, na barabara ya hospitali imefungwa, sikuitaja. Siku ile haikuwa ya hiyo.

"Gredi ya Nne itampotezea wakati. Jumatatu aje ya Tano."

Wenzangu shimoni waliposikia walipiga makofi mpaka mawe madogo yakatuangukia. "Mkongo, kumbe kwenu hata mbuzi wana digrii!" Nilicheka kuliko wote.

Kwenye fomu kulikuwa na nafasi ya shule aliyotoka. Madam aliniambia niiache wazi. Sikuiacha. Niliandika kwa mwandiko wangu mbaya: Shule ya Mwalimu Neema. Alisoma, akagonga muhuri juu yake.

Wale askari wamebaki na madarasa yako, dada, lakini watoto hawakuwapata. Sisi ndio tumeshinda.

Pumzika sasa, usituwazie. Nakuahidi Zawadi hataosha jiwe hata moja mgodini maadamu nina mikono. Na mimi niliyeyakimbia masomo yako nikaishia darasa la nne, nimeanza kusoma naye jioni, meza moja. Barua hii ameipitia kabla sijaikunja. Amepata makosa kumi na tisa, akaniambia nirudie yote kwa mwandiko safi, na hii unayoipata ndiyo ya pili.

Mdogo wako,
Baraka