Kadi ya Baba Neema

Jumamosi

Itatosha vipi, wakati pawa saplai ya kompyuta yangu, kile kisanduku kinachoipa umeme, imeandikwa wati mia mbili na hamsini, na boksi la kadi ya grafiksi linataka mia nne na hamsini? Nimeisoma lebo mara mbili kwa tochi ya simu.

Mume wangu kaninunulia hiyo kadi ili video za harusi zisigande ninapohariri. Ana moyo mzuri, ila hasomi maandishi.

"Mama Neema, tuichomeke tu. Ikiwaka, imewaka."

Ikiungua je? Harusi ya watu iko humo ndani, na sina kopi nyingine.

Kesho akitoka kanisani anataka kuifunga mwenyewe. Nimemwambia asubiri fundi, akanicheka.

Bisibisi nimeifukia kwenye ndoo ya unga. Tangu tuoane hajawahi kusonga ugali.