Baba, Ubao Niliusimika Mimi

Baba,

Shikamoo. Nitaichukua marahaba yako kama imeshafika, maana nikisema niingoje hapa sitaandika chochote, na mimi nikishaanza kukaa kimya unajua mwenyewe yanayotokea. Uliishi na ukimya wangu miaka mitatu, ukaondoka nao.

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye jiwe lako, hapa mtoni, chini ya daraja la barabara ya kwenda Buseresere. Wakati natoka nyumbani Mama aliniuliza hilo daftari kwapani la nini. Nikamwambia naenda kumwandikia Baba. Hakucheka. Alisema nikusalimie, na nikuambie kile kikohozi chake kimepona, kwa sababu ulikuwa unakilalamikia sana.

Habari za huku ni hizi. Mialo ya kuoshea dhahabu kule juu imezidi kuwa mingi, na makarasha yanasaga mawe kutwa, hata hapa yanasikika. Maji yanakuja na rangi ya chai ya maziwa. Mzee Masalu amerudi kulima nyanya bondeni, lakini nusu ya shamba tu. Koti lako la mvua, lile la njano, nalivaa mimi na linanipwaya vibaya. Juzi mama mmoja wa jumuiya aliniona nalo kwa mbali akaweka ndoo chini, akajifanya anapumzika. Nilijua alichokiona.

Baba, wewe na saa zako! Tangu watu wa ofisi ya maji wakupe kazi ya kusoma ubao wa kipimo, ule ubao mrefu wenye namba unaosimama ndani ya mto kuonyesha maji yamefika wapi, nyumba nzima iliendeshwa na saa tatu asubuhi na saa kumi na moja jioni. Siku ya kipaimara changu pilau ilikuwa imeshapakuliwa na Padri ameketi kwetu, wewe ukasimama na suti yako ya pekee ukasema unaomba radhi, maji hayajui kama kuna sherehe. Nililia kwa hasira. Ukarudi suruali imelowa mpaka magotini, umefurahi kweli, kama mtu aliyetoka kumwona ndugu yake. Watu walikuita Mzee wa Kipimo na wewe ukaliona jina zuri.

Na ulinifundisha. Siku za mwanzo nilikuwa nasoma nimesimama ukingoni kama nasoma tangazo, ukanishika bega ukanisukuma chini taratibu mpaka macho yakawa sawa na maji. "Inama, Kabula. Ukisoma umesimama unaudanganya mto." Kisha namba inaingia kwenye kitabu cha ofisi, na tukifika nyumbani unainakili tena kwenye daftari la shule, maana mchwa wa nyumba yetu hawakuwa wa kuaminika. Siku uliyonituma peke yangu ulikuwa unanisubiri mlangoni na swali moja tu: "Leo yamesemaje?"

Sasa nifike pale ninapopakimbia.

Nilikuwa na miaka kumi na saba, si mtoto wa kusingiziwa utoto. Ulikuwa umeshasoma ya jioni ukaondoka. Mimi nilibaki na maksai wetu mweusi nimnyweshe. Wenzangu wakaniita kule darajani, mmoja alikuwa na simu yenye picha za harusi ya dada yake. Mti wa kumfungia maksai haukuwepo karibu, basi nikaizungusha kamba kwenye nguzo ya ubao wako. Nilijua zege lililoshika mguu wake lilishasombwa na mafuriko. Nilikusikia mwenyewe ukilalamika kwamba umewapa taarifa mara mbili na hawaji. Nikafunga hivyo hivyo. Dakika chache tu, nilisema.

Lori la mawe likapiga honi darajani, maksai akaruka. Ubao uling'oka kama muhogo kwenye udongo wa mvua.

Nilimkamata, halafu nikaurudisha. Nilichimba kwa mikono, nikausimika, nikaugongelea kwa jiwe, nikashindilia kokoto. Namba nikazifuta tope kwa kitenge changu. Ubao ukasimama wima, ukapendeza kuliko mwanzo, na mimi nikaondoka nimeridhika. Sikufikiri kwamba umezama chini kuliko ulivyokuwa. Ubao ukizama, maji yanagusa namba kubwa zaidi, kwa hiyo unasema maji ni mengi kuliko yaliyopo. Nilidhani ilimradi umesimama, umesimama. Binti wa Mzee wa Kipimo, jamani!

Kesho yake ulikwenda, ukasoma, ukaandika, ukarudi ukanywa uji. Hukusema kitu. Nami nikajiambia yamekwisha.

Kiangazi kilipoingia watu wa bondeni wakaanza kulia kwamba wenye mialo wanayakinga maji kule juu. Mzee Masalu akaongoza wenzake mpaka ofisini. Kule wakafungua kitabu chako, na kitabu chako kikasema maji hayajapungua, tena yamepanda. Basi. Nyanya zikakauka wakati namba zako zinasema mto umejaa. Masalu akatangaza mbele ya kanisa kwamba Baba Kabula amelishwa na wenye mialo. Watu waliokuwa wanakuamkia mwangaluka kutoka ng'ambo ya barabara wakawa wanainama kufunga kamba za viatu.

Halafu wakaja wale maafisa wawili. Nilikuwa uani nakata viazi vya kuanika michembe. Yule mrefu alisema tangu anakaa kwamba anayechezea kipimo cha serikali hiyo ni kesi ya polisi. Akakiweka kitabu kwenye mkeka, akaonyesha kwa kidole: jioni sitini na moja, asubuhi yake sabini na nane. Akakuuliza kama usiku huo ilinyesha mvua. Ukasema haikunyesha. Akakuuliza sasa hayo maji yalitoka wapi, au ulikuwa unazipika namba nyumbani?

Ukamjibu, "Niliandika nilichokiona."

Kisu kilikuwa mkononi mwangu, kiazi mkononi mwangu, na maneno yote yalikuwa mdomoni. Nilihitaji sentensi moja. Wewe ulikuwa unatazama sinia la viazi, hukuinua macho kunitazama hata mara moja, na mimi nikaona afadhali, hajanishuku. Nikaendelea kukata. Walichukua kitabu cha ofisi wakaondoka nacho. Hukuwa msomaji tena.

Lakini saa kumi na moja ulivaa koti ukaenda. Na kesho yake. Miaka mitatu, Baba, bila kutumwa na mtu, unasoma ule ubao wangu mbovu na kuandika kwenye madaftari ya shule. Watoto wakikucheka. Mimi nikikuona ukitoka kila siku nilikuwa nasema leo akirudi namwambia. Ukirudi nasema kachoka, kesho. Mwanzo niliogopa fimbo, kisha niliogopa polisi, mwishoni nilikuwa naogopa tu urefu wa muda niliokaa bila kusema.

Ulipolazwa Kolandoto nililala sakafuni kando ya kitanda chako siku kumi na moja. Ile siku ya mwisho ulipoamka na akili zako zote, ulinitazama sana. Wagonjwa wenzako walikuwa wametoka kuota jua, hakuna aliyetusikia. Ukaniuliza, "Ng'wanawane, mwanangu, leo yamesemaje?" Mto uko mbali kiasi gani na Kolandoto! Na mimi, Mungu anisamehe, nikakujibu, "Themanini na mbili, Baba." Ukaniashiria daftari chini ya mto wa kulalia, ukaniambia niandike. Nikaandika. Ukafumba macho. Nilifikiri nimekufurahisha.

Baada ya misa ya arobaini Mama alinipa sanduku lako. Nilikaa na madaftari sakafuni, nikalitafuta lile ambalo ofisi hawakuwahi kuliona, lenye ile siku. Sabini na nane, imeandikwa vizuri kama zote. Chini yake, kwa mwandiko mdogo: "Udongo mbichi mguuni pa ubao. Kwato za maksai. Uzi wa kitenge."

Ulijua.

Ulijua tangu asubuhi ile ile. Ulikuwa unajua wakati unatazama sinia la viazi. Ungesema neno moja tu kwa yule afisa na jina lako lingekuwa safi, na mimi ningepandishwa kwenye gari lao. Nilitoka nikamwendea Mama akipepeta mtama, nikamwaga yote. Hakuacha kupepeta. Alisema siku nyingi alitaka kuniuliza, ukamkataza. Ulimwambia, "Mwache. Atasema mwenyewe."

Mimi nilikuwa nasubiri siku ya kusema, na wewe ulikuwa unanisubiri mimi. Lile swali la Kolandoto halikuwa la maji. Ulikuwa umenifungulia mlango kwa mara ya mwisho, nami nikakupa namba. Hilo ndilo linaloniamsha, Baba. Kuvunja kitu chako kunauma, lakini hilo la pili halina dawa.

Mwezi uliopita ofisi ilimtuma fundi mpya, dada mmoja anaitwa Neema, mdogo tu, anakaribiana na mimi umri. Alikuja kusimika ubao upya kwa zege. Nilimfuata hapa na sanduku kichwani. Nikamwambia kabla sijamsalimia vizuri, nikamwambia hata habari ya kesi ya polisi, kama anataka kuniita gari aite. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema tupime kwanza. Akasimamisha kile chombo chake cha miguu mitatu, akachungulia ile alama ya chuma iliyo kwenye saruji ya daraja, ambayo haijawahi kusogezwa na mtu, kisha akachungulia ubao wangu, akalinganisha na kimo cha zamani kilichoandikwa ofisini. Umezama sentimita kumi na saba. Akafungua daftari lako kwenye ile asubuhi, sabini na nane, akatoa kumi na saba.

Sitini na moja. Ile ile ya jioni yake.

Tulikaa chini hapa hapa tukawa tunatoa kumi na saba, ukurasa baada ya ukurasa, na mto ukaonekana unashuka kiangazi hadi kiangazi, kama Masalu na wenzake walivyokuwa wanalia. Neema alisema ungeacha kusoma siku ile walipokufukuza, hiyo miaka mitatu isingekuwepo mahali popote. Ameyapeleka madaftari ofisini kwa barua rasmi. Jina lako limeandikwa juu.

Jumapili nilisimama kwenye jumuiya nikasema mbele ya wote. Kesho yake asubuhi Mzee Masalu alimwomba Mama fagio, akaenda akafagia kaburi lako peke yake, kisha akakaa huko mpaka jua likawa kali. Mimi hajanisalimia bado, na simlaumu.

Siku ile hapa mtoni, kabla Neema hajafunga sanduku, aliniuliza kama kuna namba nyingine isiyo sawa. Nikamfungulia ukurasa wa mwisho. Nikaweka rula, nikaikata ile themanini na mbili, nikaandika pembeni "Haikusomwa". Katika madaftari yako yote, Baba, namba ya uongo ilikuwa hiyo moja tu, na mwandiko ni wangu.

Ubao sasa umeshikwa na zege kwenye kimo chake cha zamani, na wamenipa mimi kitabu kipya cha ofisi. Nakuahidi hivi: siku nitakayokuja nitaandika nilichokiona, na siku nitakayoshindwa kuja nitaandika sikuja. Sitakupa tena namba ya kukufurahisha.

Lala salama, Baba. Saa kumi na moja imefika, naweka kalamu kwanza.

Nimerudi. Koti lako limelowa mpaka kiunoni, maana niliinama vizuri.

Leo yamesema arobaini na tatu.

Mwanao,
Kabula