Waya wa Redio Hadi kwa Kaloli

Nyaishozi, Jumapili, mwezi wa nne 1987

Mvua inanyesha tangu watu watoke kanisani. Niko peke yangu na redio.

Shule niliishia darasa la pili, lakini nitajieni mtu mwingine hapa aliyefanya redio moja isikike nyumba mbili. Hayupo. Nilichukua spika ya redio iliyokufa, nikaunga waya kwenye redio yangu, nikaupitisha juu ya kibanja changu cha migomba hadi sebuleni kwa jirani yangu, Ta Kaloli. Sikuufunga kwenye migomba kama wangefanya wajinga, maana ukivuna mkungu mgomba unakatwa, na waya unaanguka nao. Nilisimamisha miti. Spika ikakohoa, ikasema. Mkewe, Ma Adela, akapiga vigelegele.

Kaloli hakuwa ameniomba. Alilalamika tu kwamba njia ya kuja kwangu ina matope. Nikamwambia mbele za watu, "Wewe kaa kwako, redio yangu itakufuata."

Akakaa kweli.

Zamani siku ya mpira uwanja wa nyumba yangu ulijaa majirani. Walikuja na rubisi yao, pombe ya ndizi, wakabishana mpaka mtangazaji hasikiki, nami nawapitishia kahawa ya kutafuna. Sasa wote wako kwa Kaloli. Kule kuna mwanamke wa kuwapikia, wangu nilishamzika. Wakishangilia goli nawasikia hapa. Goli la redio yangu!

Leo mpira ulipokolea nikazima. Nilitaka waje.

Kaloli akapaza sauti kutoka ng'ambo ya migomba, "Ta Rwiza! Mawe ya betri yameisha?"

"Njoo uone mwenyewe!"

"Na mvua hii? Washa bwana, acha kuringa!"

Wakacheka wote. Nikakaa natazama njia. Hakutokea mtu. Baada ya kitambo nikasikia wanaimba, ubishi wao unaendelea bila mpira.

Kumbe hata redio hawakuwa wanaifuata.

Nilishika panga nikakate waya. Nikalirudisha. Kazi nzuri kama ile siwezi kuiharibu.

Jumapili ijayo nitawasha redio, niiache inaongea humu ndani, nibebe kigoda changu niende kwa Kaloli. Kwamba nimekuja kukaa nao, hilo hawatalisikia kinywani mwangu. Nitasema nimekuja kukagua spika. Na fundi kama mimi hakagui harakaharaka. Kukagua vizuri kunamaliza jioni nzima.