Ubao Pale Palipokuwa na Injini

Jumanne, Septemba 1974, Shinyanga. Jua limewaka kama lina kisasi na mtu.

Leo nimeingia jineri kwa mara ya kwanza tangu waifunge. Pale nilichambua pamba miaka tisa. Injini ile haikukohoa bila mimi. Naigusa kwa kiganja tu, inanguruma hadi mtaa wa Kambarage wanasikia. Anayebisha aje.

Sasa injini haipo. Kuta zimepakwa chokaa. Palipokuwa na mizani watu wanacheza bao, kwenye ghala la mbegu akina mama wanashona, redio inaimba. Eti Ukumbi wa Wananchi. Nikaachama mlangoni.

Lakini si hilo lililonishtua zaidi.

Palipokuwa na injini pana ubao, na mbele ya ubao kasimama mke wangu, Mama Masanja, anasoma. Anasoma! Kumbe ile mikeka anayoaga kwenda kusuka ni hii.

Mwalimu ni Kabula, mpwa wangu. "Shikamoo, mjomba. Kaa nyuma huko, usitupotezee darasa."

Nikasema marahaba, nikaenda kukaa nyuma kama nilivyoagizwa. Mimi!

Nikiri. Barua za kijana wetu Masanja kutoka Geita humsomea mama yake mimi, kwa darasa langu la tatu. Na huzitia chumvi. Aliandika ameachishwa ukarani, anaponda mawe ya dhahabu kwa nyundo. Nikasoma amepewa cheo, ana watu arobaini chini yake. Mama yake akatangaza mpaka kanisani. Ningerudije nyuma?

Jioni mke wangu akazitoa zote kwenye kopo la majani ya chai. Akaanza na hiyo, kidole kikifuata herufi. "Ni-me-a-chi-shwa..." Akarudia. Akanitazama.

"Baba Masanja, hao watu arobaini wako mstari gani?"

Akazirudisha barua koponi, akanipakulia ugali. Heri angenitukana.

Kesho ni zamu ya barua ya pili. Humo Masanja yuko kitandani, anaomba mama yake aende kumuuguza. Bosi wa watu arobaini atakosaje wa kumpa uji? Kwa hiyo nikasoma: anakusalimu sana.

Kijana alipona. Alipona peke yake.

Je, nitaweza kumwambia mama yake kwa mdomo wangu, kabla kidole chake hakijafika pale?