Kaye ya Muhogo Pa Mulango ya Labo

Mwalimu wangu Masika,

Juzi banafunzi yangu baliniuliza juu ya nini kaye ya muhogo, ile daftari yetu ya hesabu, iko ndani ya kabati, na kufuli. Nilijifanya niko na kikohozi, nikatoka inje.

Unakumbuka ile wakati ya vita? Balimu bengine balikuwa banatuandikia majibu pa tablo, ubao ya darasa, tunakopia, tunapata points. Weye ulikataa. Ulitupeleka mu shamba kweli, ku njia ya Beni, kila juma tuhesabu muhogo ya ugonjwa, yenye majani ya kujikunja. Na kaye uliiweka wazi pa mulango ya labo ya masomo, na biki ya kuandikia ya kufunga na kamba, mulimaji yeyote asome, aandike na yeye. "Science ya kuficha ni bulozi, ni uchawi," ulikuwa unasema, tunacheka.

Juma ya tatu ilikuwa zamu yangu. Niliona baaskari ku bariyere, kizuizi ya njia, nikaogopa, nikarudia nyumbani. Kesho yake nikakopia hesabu ya juma ya pili, nikabadilisha kidogo tu. Nikaandika: mistari ya chini ya shamba iko muzima.

Papa Paluku, mulimaji wa Vulamba, akakuja, akasoma na kidole. "Aksanti batoto! Sasa najua fasi ya kukata bipande ya kupanda."

Akakata kule chini tu. Muhogo yake yote ikajikunja, na njia ya kuleta chakula ilikuwa imefungwa na vita. Akarudi, akasimama pa mulango: "Madame, mulinidanganya na maandiko."

Uliniangalia. Mimi nikaangalia biatu yangu. Ukamwambia: "Papa, ni mimi nilihesabu mubaya." Halafu ukafungia kaye ndani ya kabati, na kufuli. Kisha ukapita mupaka ya Kasindi, na habari yako sikupataka tena.

Sasa mimi njo mwalimu wa ile labo. Na nafundisha nini? Kukopia pa tablo. Juu kila nikishika ufunguo, naona ile kidole ya Papa Paluku.

Jana nilienda Vulamba. Yeye alishakufa. Niliambia bibi yake mambo yote. Akasema: "Kumbe ni weye. Na sisi tulikuwa tunatukana Masika hii miaka yote."



Leo nilifungua kufuli, mwalimu. Kaye iko pa mulango tena, na kamba mupya. Ku ukurasa ya ile juma nilikata hesabu yangu, nikaandika: *Sikufika ku shamba. Niliogopa. Masika hakukosea.* Na jina yangu yote. Mwanafunzi moja alisoma, akauliza, "Mwalimu, ni weye?" Nikasema ndiyo. Akachukua biki, akaandika chini: *Sisi tutaenda.*

Mwanafunzi wako wa juma ya tatu