Jina la Florian

Kibara, 9 Februari 1986

Mpendwa mdogo wangu Kasmiri,

Salamu nyingi toka kwetu. Sisi wazima, mama tu mgongo unamsumbua. Vipi huko Dar, unakula?

Ulichoniomba nimekifunga katikati ya dagaa, tafuta vizuri. Ni kadi ya ubatizo ya marehemu Florian. Nimeitoa sandukuni mama akiwa shambani, kama mwizi. Umesema mashindano ya tenisi ya vijana mwisho miaka kumi na minane na wewe una ishirini. Haya. Lakini mara moja tu, Kasmiri. Mdogo wetu alikufa na surua ana miaka sita, hata shule hakuiona. Ukimaliza, rudisha kadi kwa mtu wa kuaminika, mama asijue.

Nyuzi za raketi Musoma hamna. Hata sabuni hamna, tunafulia majani ya mpapai. Boniphace mtengeneza nyavu amenipa uzi wa nyavu za sangara. Nimeusokota mara mbili, kama nilivyokuwaga nakufungia ulipokuwa unaokota mipira klabuni Musoma.

Wako,
Dada Hyasinta

Dar es Salaam, 22 Juni 1986

Dada yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, na mama mpe shikamoo yake.

Nimeshinda! Mtoto wa balozi alikuja na raketi tatu, mimi moja ya uzi wa sangara. Watu wakacheka, "Huyu amekuja kuvua?" Seti ya pili hakucheka mtu. Sasa nimechaguliwa kwenda Harare, kuna mwalimu atanichukua moja kwa moja, nije nicheze kwa kulipwa.

Paspoti imetoka. Ndiyo, kwa jina la Florian. Kadi imebaki ofisini, hawairudishi. Mwanzo wakiniita nilikuwa nachelewa kuitika, sasa nageuka haraka. Usimwambie mama. Pokea miche miwili ya sabuni.

Mdogo wako,
Kasmiri

Kibara, 16 Oktoba 1988

Mdogo wangu,

Habari za siku nyingi? Miaka miwili, kadi ya Krismasi moja. Sikulaumu, naandika na mtoto mgongoni.

Nimejifungua Agosti, wa kiume. Baba yake yuko Kiabakari anatafuta dhahabu, haioni. Mtoto analia, Kasmiri. Analia mpaka sauti inakauka, halafu analia bila sauti. Nimempeleka Bunda mara mbili, wamempima, wakasema hana ugonjwa. Unajua hapa kwetu mtoto wa hivi husemwa anadai jina la marehemu wake. Mama na bibi Nyamburi wakakaa, wakataja babu, akalia. Wakataja Florian, akanyamaza. Mama alifurahi mpaka akacheza.

Wiki ileile redio ya Boniphace ikasema Florian Mafuru wa Tanzania ameingia fainali Harare. Mama alikuwa anapepeta ulezi. Aliweka ungo chini taratibu. "Florian gani?" Nikamwambia yote. Hakunipiga. Afadhali angenipiga.

Amemvua mtoto jina siku hiyohiyo, na kilio kimerudi. Anasema jina haliwezi kukaa kwa wawili walio hai, mpaka wewe uliache kwa kinywa chako. Kosa lilianzia mkononi mwangu, najua. Lakini nakuomba. Sijalala, maziwa yananikauka. Waambie hao watu wewe ni Kasmiri, una miaka ishirini na miwili. Bado wewe si mzee.

Wako,
Dada Hyasinta

Harare, 30 Novemba 1988

Dada mpendwa,

Shikamoo, na hongera ya mtoto.

Nikisema ukweli nimekwisha. Kampuni ya viatu imenichukua kwa ajili ya umri, kijana wa miaka kumi na minane. Wa ishirini na miwili wanao tele. Na yote niliyoshinda watayafuta. Nimelala kwenye mabenchi ya stesheni, dada, nimecheza kidole kikitoka damu, nifike hapa. Nivumilieni mwaka mmoja.

Halafu wewe umemaliza la saba, kweli unaamini mtoto analilia jina? Ni jina tu. Mpeni lolote. Nimekutumia kanga na maziwa ya kopo.

Mdogo wako,
Florian

Kibara, 29 Januari 1989

Mdogo wangu,

Salamu. Kanga zimefika, maziwa yamefika, asante.

Chini ya barua umeandika Florian. Nilikuwa namsomea mama kwa sauti, sikuwahi kuruka. Mama akauliza, "Kama Florian ndiye mzima, aliyekufa ni nani?" Kesho yake akanyoa nywele, kama mfiwa. Nguo zako za shule akawagawia watoto wa jirani Wankyo.

Jumapili padri amebatiza mtoto. Tumempa jina la marehemu wetu. Anaitwa Kasmiri.

Amelala toka misa mpaka jioni. Na mimi nimelala, Mungu anisamehe, nimelala vizuri. Sijui kama alikuwa analilia jina au tumbo lilimpona lenyewe. Ulisema tumpe lolote.

Cheza vizuri. Funga kidole kitambaa kabla ya mchezo, si baada.

Dada yako

Dar es Salaam, 3 Septemba 1991

Dada Hyasinta,

Shikamoo. Natumaini wazima. Sijaandika, najua.

Nilikuwa Nairobi, mchezo haujaanza. Mayala, yule niliyekuwa naye klabuni Musoma, akapita na wageni akaita, "Kasmiri!" Nikageuka. Miaka mitano sikuwahi kugeukia jina hilo, dada. Siku hiyo niligeuka, mwamuzi akiwa amesimama hapo, akaanza kuuliza.

Kampuni imeniacha, chama kimenifungia, paspoti wamechukua. Hapa Dar siku hizi maduka yamejaa, raketi zinauzwa na mitumba barabarani, na mimi sina karatasi moja ya kusema mimi ni nani. Kuna kazi ya kufundisha, wanataka cheti. Nitumie kadi yangu ya ubatizo, ya Kasmiri, kama ulivyonitumia ile. Mwambie mama naomba jina langu.

Mdogo wako,
Kasmiri

Kibara, 1 Oktoba 1991

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi wazima. Mama ameanza kusahau, lakini anasahau madogo tu.

Nimemsomea barua akiwa anamwogesha mtoto. Akasema, "Mwambie Kasmiri yupo, anaoga."

Kadi sitoi. Ya kwanza niliiba, na umeona ilikotufikisha. Nenda parokia mwenyewe, kitabu kipo, padri akuandikie cheti cha ubatizo cha kuombea kazi. Hilo sikuzuii. Ila humu ndani jina lina mtu. Ana miaka mitatu, ukimwita anaitika mara ya kwanza.

Njoo. Shuka Bunda, panda gari la samaki. Kitanda chako kipo na ugali hautakosa. Mama atakukaribisha kama anavyokaribisha watu, ila usisubiri akuite. Raketi yako ya kwanza, ya uzi wa nyavu, uliyoiacha nyumbani ulipokwenda Dar, mtoto anaiburuta uani, anagongea ndimu. Usimnyang'anye.

Nilikulea mgongoni, Kasmiri. Ndiyo, nimeliandika hilo jina hapa, mara ya mwisho, maana barua hii mama hatasomewa.

Wako,
Mama Kasmiri